Wageni wa Kilimani na Lori la Mahindi ya Njano

Wenzangu vijana wa ofisini waliniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijakabidhi funguo. Nadhani walitaka niwaeleze namna ya kuandaa ripoti. Hilo watafundishwa na wengine, tena kwenye semina yenye chai na sambusa. Mimi nitawaeleza nilivyofundishwa kushuku, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya kwa muda mrefu kuliko nyingine yoyote, na haina semina.

Niliingia kwenye misaada kwa mlango wa nyuma. Kabla ya hapo nilikuwa mkaguzi wa nafaka katika shirika moja la umma, enzi ambazo gunia la mahindi halikuvuka kizuizi bila kibali. Kisha ikaja miaka ya ruksa. Wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua na kuuza wapendavyo, Chang'ombe ikajaa mitumba na redio, na sisi wa shirika tukaambiwa tumepunguzwa. Neno lenyewe lilinikera. Kupunguzwa, kama chumvi. Niliondoka na barua ya shukrani na bambo langu, kile chuma chenye ncha na tundu ambacho unachomea gunia ili uvute punje za katikati bila kulifungua. Anayeuza nafaka mbovu haweki zile mbovu juu. Anaziweka katikati.

Ofisi ya misaada ilikuwa Makole, katika nyumba ya kuishi iliyogeuzwa ofisi, na mhasibu wake alikaa jikoni. Ilikuwa ofisi ya kanisa. Mimi ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, na mratibu wetu, Bwana Alfonsi, aliliona hilo kabla hajaviona vyeti.

"Bi Zainabu Ramadhani," alisema. "Ofisi ya kanisa unatafuta nini?"

"Kazi."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa nitakwenda kuswali, kisha nitarudi."

Alinikazia macho kwa muda, kama mtu anayenichoma bambo. Mwisho akasema, "Mzee Eliya atakuangalia." Sikujua kama alimaanisha atanitunza au atanichunguza. Baadaye nilielewa kwamba alimaanisha yote mawili.

Mzee Eliya Sajilo alikuwa msimamizi wa ugawaji. Alikuwa Mgogo, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na shati lake jeupe lilifungwa hadi kifungo cha shingoni hata katika joto la Oktoba. Siku yangu ya kwanza nilitegemea anionyeshe ghala. Badala yake alinipeleka vijijini, nyumba hadi nyumba, akinikataza kuuliza chochote.

"Usiulize watu wangapi wanalala hapa," aliniambia njiani. "Omba maji ya kunywa, kaa karibu na jiko. Tazama ukubwa wa chungu, tazama kuni. Mtu akijibu, tazama amemwangalia nani kwanza kabla ya kujibu."

Ulikuwa msimu wa njaa na watu walidanganya kwa sababu ambazo hata mimi ningedanganyia. Watoto waliazimwa. Mmoja nilimkuta katika nyumba tatu, kila nyumba akiwa na jina jipya na makamasi yale yale. Nilipomwambia Mzee Eliya hakucheka wala hakukasirika. Alisema tumpe mgao katika nyumba ya tatu, kwa kuwa huko ndiko alikoonekana amechoka, na mtoto huchokea kwao.

Nilikuwa bado mgeni kazini zilipokuja mvua kubwa. Mvua zetu za Dodoma kwa kawaida ni za kuombewa, lakini mwaka huo watu waliomba zikome. Chini huko, mashariki ya Kongwa, mto ulitoka katika njia yake ukapita katikati ya vijiji vya bondeni. Waliookoka walipanda vilima na kile walichoweza kubeba. Wengine walikuwa na ndugu huko juu. Wengi hawakuwa na mtu. Walipiga hodi kwa watu wasiowajua kabisa wakakaribishwa, kwa sababu mtu aliyelowa hadi kifuani huwezi kumwambia arudi.

Kwa hiyo hakukuwa na kambi. Kulikuwa na nyumba za watu zilizojaa. Mzee Eliya alisimama kwenye kikao akasema kwamba msaada uende kwa mwenyeji na kwa mgeni sawasawa, mgao mmoja kwa kila kinywa.

"Mwenyeji hajapoteza kitu," mtu mmoja alisema.

"Ana kilindo kimoja cha uwele, ndilo ghala lake lote la kumfikisha mavuno," Mzee Eliya alijibu. "Sasa kinaliwa na nyumba mbili. Kikiisha hatamfukuza mgeni. Ataanza kumtazama tu anapokula, na mgeni ataondoka mwenyewe. Ataenda wapi?"

Bwana Alfonsi alikubali, lakini aliandika kitu pembeni. Nilikuwa nimeshaanza kutazama watu wanaoandika pembeni. Nilijua wafadhili walikuwa wakimsumbua kwa jambo moja. Mgeni aliyekaa ndani ya tembe ya mtu haonekani. Ukimpiga picha, unapata picha ya familia kubwa tu.

Kijiji ninachotaka kuwasimulia sitakitaja jina. Nitakiita Kilimani, kwa kuwa kilikuwa kilimani. Mzee Eliya alitangulia huko wiki moja kabla ya lori, kama ilivyokuwa desturi yetu, kutoa taarifa na kusalimia viongozi. Kisha tukaenda wote na shehena ya kwanza ya mahindi ya njano.

Mahindi ya njano yalitoka nje ya nchi, na hakuna mtu wa rika langu asiyekuwa na neno juu yake. Wazee walisema huko yanakotoka wanalishwa farasi. Akina mama walisema yamewekwa dawa ya kuzuia uzazi. Dereva wetu, Hamisi, aliyeyasafirisha kila siku, hakuyatia mdomoni. Mimi niliyachoma kwa bambo, gunia baada ya gunia, nikaona hayana kosa isipokuwa rangi. Mzee mmoja wa pale Kilimani alinitazama nikifanya hivyo, akauliza kama natafuta bunduki. Mzee Eliya aliagiza ugali upikwe hadharani, akala mbele ya umati, akaramba vidole. Nilisikia mwanamke nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Huyo ameshazaa, anaogopa nini?"

Lakini hilo nililizoea. Kilichonishtua ni kwamba pale Kilimani hakuna aliyedai kuwa na wageni. Kila mahali tulipokwenda watu waliongeza vichwa. Pale walipunguza. Tulijua kwa hakika kwamba watu wa bondeni wamepanda kilima kile, kwa sababu vijiji vya njiani viliwaona wakipita. Nyumba baada ya nyumba tuliambiwa, "Wageni? Hapana. Walipita."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mjane aliyeitwa Mama Mbeleje, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye tembe kubwa iliyotunzwa vizuri na shamba lililopaliliwa kuliko yote kijijini.

"Shikamoo mama," nilimwamkia.

"Marahaba. Sina wageni."

Nilikuwa sijauliza. Niliomba maji, nikakaa karibu na jiko. Chungu kilikuwa kikubwa, cha kupikia msibani. Kuni zilikuwa mizigo mitatu, na zilifungwa kwa mafundo ya namna tatu. Mama Mbeleje alisema anaishi na mjukuu mmoja. Kisha ndani, upande wa giza, mtoto mchanga akalia.

"Huyo ni nani, mama?"

"Mbuzi."

Mtoto akalia tena.

"Mbuzi analia hivyo?"

"Mbuzi wa huku," alisema, akanitazama machoni bila kupepesa hadi nilipomaliza maji yangu.

Njiani nilimwambia Mzee Eliya nilichoshuku. Shamba la mjane yule lilikuwa linapaliliwa na watu wengi. Nilidhani wageni wamefichwa ili watumikishwe, na kwamba mgao wetu ungewapa nguvu ya kukataa, ndiyo maana hautakiwi. Nilikuwa nimeshaona mambo hayo kwingine. Mzee Eliya alisikiliza, akatazama dirishani.

"Basi rudi ukachunguze," alisema. "Peke yako. Mimi nina kazi za ofisini."

Niliona ajabu, kwa sababu hakuwahi kunituma peke yangu, wala hakuwahi kuzipenda kazi za ofisini.

Nilirudi na Hamisi, bila mahindi, kwa Landrova ya ofisi. Mama Mbeleje alikuwa anapepeta uwele. Nilimsaidia kuokota mawe hadi ungo wa pili ndipo nikasema, "Mama, yule mbuzi amepata chanjo?"

Mdomo wake ulisogea kidogo. "Unataka nini, binti?"

"Nataka kujua mnaogopa nini. Watu wote wanataka mahindi yetu isipokuwa nyinyi."

Alipepeta kwa muda mrefu. Kisha akaweka ungo chini.

"Unakumbuka Operesheni? Ulikuwa mtoto. Ulikuwa mwaka wa njaa. Lori likaja na unga, tukashukuru, tukala. Baada ya wiki lori lile lile likarudi halina kitu ndani. Tukaambiwa pandeni, mnahamia kijiji kipya. Nilikuwa na vilindo viwili vimejaa mtama. Wakasema hakuna nafasi." Alinionyesha kwa kidevu upande wa magharibi, walikoishi zamani, ambako sasa hakukuwa na kitu ila vichaka. "Mume wangu akapanda juu ya paa la udongo la tembe yetu, akasema hashuki. Wakaanza kubomoa naye yuko juu."

"Akashuka?"

"Alishuka na udongo."

Nilimwambia ule wakati ulishapita, siku hizi mambo ni huria, hakuna anayehamishwa kwa nguvu. Nilimwambia lori letu litakapokuja tena litaleta mahindi na kurudi tupu.

"Hilo umeliona mwenyewe," aliniuliza, "au umeambiwa?"

"Nimeambiwa."

"Haya," alisema, akachukua ungo wake.

Tuliteremka. Hapo chini, karibu na barabara, kulikuwa na uwanda mkubwa uliolimwa na wakoloni zamani kwa ajili ya karanga na kuachwa. Kila siku tuliupita ukiwa na nyasi tu. Jioni ile tuliwakuta vibarua wanachimba. Nilimwambia Hamisi asimame. Msimamizi wao alikuwa kijana mchangamfu wa mjini, kofia kichwani.

"Mnachimba nini?" nilimuuliza baada ya salamu.

"Vyoo, mama."

"Vya nani?"

"Vya wageni wa mafuriko. Mahema yanakuja wiki hii." Alitazama mlango wa Landrova yetu, palipochorwa alama ya ofisi, akashangaa. "Si nyinyi ndio mnawaleta?"

Hamisi aliwasha gari. Nilipoteremka mjini ndipo aliponiambia kwamba ameagizwa kufunga ngazi nyuma ya lori. Alidhani ni kwa ajili ya wapakuzi.

Asubuhi niliingia kwa Bwana Alfonsi. Nawaomba msimfikirie kama mtu mbaya. Hakuiba hata punje, na nilimchunguza. Hakukana kitu. Alifunga mlango akaniambia nikae.

"Bi Zainabu, watu mia wakikaa mahali pamoja huo ni msaada," alisema. "Wakikaa katika nyumba za watu, huo ni ukoo. Mimi siwezi kuombea ukoo chakula. Wafadhili wanataka kuona. Wasipoona, mwezi ujao hakuna mahindi kwa mwenyeji wala kwa mgeni. Kambini kutakuwa na zahanati, kutakuwa na maji."

"Wameulizwa?"

"Wataelezwa siku hiyo hiyo. Ukiwaeleza mapema unazua taharuki. Lori litapeleka mahindi, wakikusanyika kupokea tutajua nani ni nani, litarudi nao."

"Kwa hiyo mahindi ni chambo."

"Mahindi ni mahindi," alisema kwa uchovu. "Alhamisi utakuwepo. Wanakufahamu."

Nilimtafuta Mzee Eliya. Alikuwa ghalani anasimamia kupanga magunia. Nilimuuliza moja kwa moja kama alijua habari za kambi.

"Mimi nagawa mahindi tu, binti," alisema bila kugeuka.

Sikuwahi kumsikia akisema neno dogo namna ile. Nilirudi mezani kwangu nikiwa na hakika kwamba alijua, na kwamba alinituma Kilimani peke yangu ili nitakapokuja kulaumiwa yeye asiwepo. Mtu aliyenifundisha kutazama jiko alikuwa amesimama mbele yangu na mimi nilishindwa kuona kilichokuwa kinapikwa. Usingizi wangu wa siku hizo haukuwa mwingi. Nilikuwa nimeshapunguzwa mara moja, nina mama na wadogo zangu Kondoa wanaonitegemea. Nilifikiria kunyamaza, kisha nikamfikiria mama wa yule mtoto mchanga. Huwezi kunyamazia mtu ambaye umemsikia mtoto wake akilia.

Siku moja kabla ya lori nilimwambia Bwana Alfonsi nakwenda kuandaa mapokezi, na hilo halikuwa uongo. Nilimkuta Mama Mbeleje shambani. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kati ya mistari ya uwele. Vyoo, mahema, ngazi ya lori. Nilitegemea atanipigia kelele. Hakushangaa hata kidogo.

"Mwalimu alituambia," alisema.

"Mwalimu yupi?"

"Wa shati jeupe. Alikuja peke yake kabla yenu. Akasema amesikia habari za kambi, hana hakika nazo. Akasema wageni wetu wakae ndani mpaka ijulikane lori litarudi na nini." Alinitazama miguu hadi kichwa. "Kuhusu wewe alisema bado anakutazama."

Nilikaa chini pale pale kwenye tuta. Kisha nilimwomba aniitie wageni, wote, na wenyeji wao. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alisema, "Ukitudanganya, binti, ujue wa bondeni wana maji yao na sisi tuna mawe yetu."

Walikuja uani kwake. Ndipo nilipowaona kwa mara ya kwanza watu ambao tulikuwa tumewaletea chakula. Walitoka katika vyumba vya ndani wakikunja macho kwa sababu ya jua. Mama wa mtoto mchanga aliitwa Yunisi, mwanamke kijana, mumewe amekwenda Morogoro kutafuta kibarua kwenye mkonge. Niliwaeleza habari za kambi kama nilivyomweleza mwenyeji wao, na wenyeji wakaanza kusema wote kwa pamoja. Hakuna atakayekwenda. Tutawaficha mlimani. Lori litarudi kama lilivyokuja.

Yunisi aliwaacha waseme hadi wakachoka.

"Sisi hakuna aliyetuuliza," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wakalazimika kunyamaza. "Hao wa ofisini wanataka kutubeba. Nyinyi mnatuficha. Mwanangu tangu azaliwe hajaota jua. Mama Mbeleje huyu alinipokea nimelowa, sitasahau. Lakini napalilia shamba lake asubuhi, nalala ndani mchana kama mgonjwa, na kila nikimega tonge nasikia kama natazamwa."

"Nani amekutazama?" Mama Mbeleje aliuliza.

"Wewe, mama."

Mama Mbeleje alikaza mdomo. Niliona limempata, na niliona pia kwamba hatalikana, kwa sababu lilikuwa kweli.

"Labda kambini ni kuzuri," Yunisi alisema. "Labda kubaya. Nataka nikaone mwenyewe. Nikishaona, nitajua."

Hamisi alimchukua yeye na mzee mmoja wa bondeni, nami nikakaa nyuma na mtoto mapajani. Tulizunguka uwanda wote. Mahema yalikuwa yameanza kusimikwa kwa mistari iliyonyooka sana. Yunisi alichungulia ndani ya hema moja, akagusa kitambaa, akasema ni kizuri. Kisha akamuuliza yule kijana wa kofia, "Mashamba yetu yako upande gani?"

"Hakuna mashamba, dada. Hapa mtaletewa."

"Tutaletewa na nani?"

"Na lori."

"Na lisipokuja?"

Kijana alinitazama mimi, kana kwamba jibu ni la ofisi. Yunisi aliniomba mtoto wake, akapanda garini.

Alhamisi Bwana Alfonsi alikuja na lori yeye mwenyewe, pamoja na wafadhili wawili waliobeba kamera. Mzee Eliya alikuwepo pia, shati limefungwa hadi shingoni, akisimama mbali nami. Mahindi yalishushwa. Mwaka ule sikuona tena ugawaji uliokuwa wa kimya namna ile. Kila mwenyeji alisimama na wageni wake wazi wazi, hakuna aliyeficha, hakuna aliyeongeza. Gunia la mwisho lilipofika chini, Bwana Alfonsi alipanda kwenye jiwe akaeleza habari za kambi kwa maneno mazuri, na Hamisi akateremsha ngazi.

Yunisi alitoka mbele, mtoto mgongoni.

"Tumeshakwenda kupaona, bwana mkubwa. Anayetaka kwenda atapanda, hakuna atakayemzuia. Mimi nabaki." Akageuka kwa Mama Mbeleje, mbele ya wote. "Nabaki, lakini nataka jiko langu na kipande changu cha kulima msimu huu. Nikirudi bondeni nitakiacha."

"Ukilima kwangu, kesho utasema ni kwako," Mama Mbeleje alisema.

"Watu wote hawa wanasikia."

Mama Mbeleje aliwatazama watu wote hao mmoja mmoja, kama anayepima kila mmoja atakumbuka kwa muda gani. Kisha akasema atampa kile cha juu, chenye mawe.

Familia tatu zilipanda lori. Nyingine zilibeba mahindi yao zikaenda nyumbani. Mfadhili mmoja alimuuliza Bwana Alfonsi kulikoni, naye akajibu kwamba watu wameomba muda wa kujiandaa. Huo ndio uratibu.

Kabla hatujaondoka nilimfuata Mzee Eliya alipokuwa anakung'uta vumbi la magunia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeniamini?"

"Ningekwenda kuchunguza kwanza."

"Ndicho ulichofanya. Na mimi kinywa changu hakikusema kitu kwa mtu wa ofisini." Alikunja gunia tupu vizuri, pembe kwa pembe. "Halafu, kama ungekuwa mtu wa Bwana Alfonsi?"

"Ulidhani hivyo?"

"Nililifikiria."

"Bado unalifikiria?"

"Kidogo," alisema, akanipa upande mmoja wa gunia la pili nimsaidie kukunja. Tulifanya kazi pamoja hadi alipostaafu, na sina hakika kama hicho kidogo kilipata kuisha.

Wiki iliyofuata nilihamishiwa ghalani. Niliambiwa ni kwa sababu ya ujuzi wangu wa nafaka. Kuhusu kambi, gari la maji liliharibika, na familia zile tatu zilirudi Kilimani kwa miguu kabla vyoo havijazoeleka. Mahema yakapelekwa mkoa mwingine. Mgao wa mwenyeji na mgeni uliendelea, na katika ripoti Bwana Alfonsi aliuita mpango wa majaribio. Wafadhili waliupenda. Miaka iliyofuata mafuriko mengine yalipokuja, na njaa, na wakimbizi, tuliutumia tena, na hata leo vijana mnaufundisha kama vile ulitoka kitabuni.

Nilirudi Kilimani baada ya mavuno, safari hii kwa ruhusa yangu mwenyewe. Mume wa Yunisi alikuwa ametuma habari kwamba bondeni kumekauka na amesimamisha kibanda. Nilimkuta Yunisi anafunga mzigo wake. Kipande kile cha mawe kilikuwa kimempa uwele wa kutosha, nusu ndani ya mzigo wake, nusu amemwachia mwenyeji wake.

Mama Mbeleje alitoa majembe yake yote akayapanga ukutani, akaanza kuyahesabu kwa sauti, mbele ya Yunisi na mbele yangu, bila haya yoyote. Alifika mwisho, akarudia tena. Yunisi alisimama na mzigo wake kichwani, akingoja. Hakuonekana ameumia. Alingoja kama mtu anayengoja mwenzake amalize kusali.

"Yametimia, mama?"

"Yametimia."

Kisha Mama Mbeleje akafungua khanga yake ya begani, akamchukua yule mtoto, akamfunga mgongoni kwake, akatangulia kuteremka kilima kuelekea bondeni. Ni mwendo wa siku nzima. Nilimuuliza Yunisi kama mama atarudi leo.

"Amesema atakaa wiki," Yunisi alisema. "Anataka kuona nyumba ambamo mtoto atalala."